Wastaafu, wafungulieni wake zenu daftari

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako. Barua ni ndefu kidogo lakini usiikate sana, manake hili jambo linaumiza watu wengi hapa Mombasa na wanaoumia hawasemi.

Kila nikifungua redio ama nikisoma mawaidha ya wanaostaafu naona ni yale yale, nunua ploti, fuga kuku, wekeza hapa, wekeza pale. Sawa, si mabaya. Lakini sijasikia mtu akimwambia mzee jambo la kwanza kabisa, kwamba siku anarudi nyumbani na ile barua ya kustaafu akae chini na mkewe amwambie zimeingia ngapi, zitakuwa zikija ngapi kila mwezi na anadaiwa ngapi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sisi watu wa Pwani methali hii tunaisema sana kwenye vikao vya harusi na vya mchezo wa kuchangiana pesa, lakini ukienda nyumba kwa nyumba hilo daftari hulioni, na likiweko basi liko kichwani mwa mzee peke yake.

Mimi ni mke wa mstaafu, tunaishi Mikindani. Mzee wangu alifanya kazi kwenye kampuni moja huko Changamwe mpaka alipofikisha miaka 60, na mimi miaka yote hiyo nimeshona nyumbani, mabuibui, sare za shule, mapazia. Kwa hivo pesa ya mshahara naijua na pesa ya leo kwa leo naijua pia, na ninachoandika hapa nakiandika kwa uchungu kwa sababu nimewaona mashoga zangu wakizeeka vibaya na waume zao hawakuwa walevi wala wahuni, ni watu wa heshima tu walioficha hesabu.

Nyumba nyingi za watu wa umri wetu zimeendeshwa hivi. Bwana anapokea mshahara, kiasi anakijua yeye, halafu asubuhi anaacha pesa ya matumizi juu ya kabati anaenda zake kazini. Mke haulizi, na akiuliza anaonekana ana tamaa ama anatafuta maneno. Mpango huu ulikuwa unaenda kwa sababu moja tu, mwisho wa mwezi mshahara ulikuwa unaingia tena. Sasa hauingii. Lakini mzee anaona haya kusema, anaendelea kuacha elfu moja yake juu ya kabati vile vile kama zamani, sahii anaitoa kwenye kiinua mgongo, na mke anaendelea kupika vile vile, wali wa nazi na nguru wa kupaka, na watoto wanaendelea kupiga simu baba nisaidie baba niongezee, kila mtu anafanya alivyozoea kwa sababu hakuna aliyeambiwa kwamba kitu kimebadilika. Bandu bandu huisha gogo. Na gogo likisha ndo mama anaambiwa, tena anaambiwa kwa ukali, utadhani yeye ndo alikuwa na ufunguo wa benki.

Hebu tupige hesabu ya darasa la nne. Elfu moja kwa siku ni elfu 30 kwa mwezi. Milioni moja ukiigawa kwa elfu 30 unapata miezi 33, haifiki hata miaka 3, na hapo hujalipa stima, hujauguza mtu, hujachangia harusi wala matanga. Mtu ambaye hajawahi kuishika milioni moja maishani mwake akiiona kwenye akaunti anahisi ni pesa isiyoisha. Inaisha. Na mtu akistaafu na 60 Mungu akampa afya ana miaka 20 mbele yake ama zaidi ya kula, kuvaa na kwenda hospitali.

Wengine wanafikiri NSSF, ule mfuko wa serikali wa akiba ya wafanyakazi, itawabeba. Kwa miaka mingi mfanyakazi alikuwa akikatwa shilingi 200 kwa mwezi na mwajiri anaongeza 200, jumla 400. Kwa mwaka ni 4,800. Kwa miaka 20 ni 96,000, weka na riba yake lakini bado ni pesa ya kuezeka bati ikaisha. Makato mapya, asilimia 6 kwa mfanyakazi na asilimia 6 kwa mwajiri, yalianza Februari 2023, hayo yatawafaa vijana walioko kazini saa hizi, sisi yametukuta tushafika mlangoni. Aliyekuwa na mfuko wa pensheni wa kazini ana nafuu, huko kawaida unaruhusiwa kuchukua mpaka thuluthi moja kwa mkupuo na inayobaki inakuja kidogo kidogo kila mwezi, ila mifuko ya akiba ile mingine inakupa yote kwa pamoja na hapo ndo hatari ilipo. Halafu kuna wanaosema nitapata ile ya wazee ya serikali, Inua Jamii. Ile ni ya waliofikisha 70, tena ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Umri wa kustaafu serikalini ni 60 tangu ulipopandishwa kutoka 55 mwaka 2009, kwa hivo kati ya kutoka kazini na kuipata hiyo elfu mbili kuna miaka 10 mizima, na ndo miaka ambayo nyumba nyingi zinaanguka.

Habari njema iko moja na wengi hawajui. Tangu mabadiliko ya sheria ya kodi ya Desemba 2024, mtu aliyefikisha umri wa kustaafu hakatwi ushuru kwenye pensheni yake. Kwa hivo mzee ambaye bado anakatwa aende akaulize wanaomlipa.

Sasa nieleze tulivyofanya sisi, watu waone kwamba inawezekana bila ugomvi. Mzee alipotoka kazini nilimwacha apumzike kwanza, nikamwachia wageni waje wampe pole na hongera. Halafu usiku mmoja baada ya Isha nikatandika mkeka nikamwambia baba fulani, leta karatasi zote, tuziangalie pamoja, si kwa kukuchunguza, ni ili nijue napika nini. Hayo maneno ya napika nini ndo yaliyomlainisha. Akazitoa, barua ya pensheni, taarifa ya SACCO (chama cha akiba na mikopo), karatasi ya loni iliyobaki, mpaka risiti za zamani za mabati. Tukachukua daftari la mjukuu la kurasa 96 tukapiga mstari katikati, upande huu kinachoingia, upande huu kinachotoka.

Upande wa kinachoingia tuliandika vitu viwili peke yake, pensheni na kodi ya vile vyumba vya nyuma. Ushonaji wangu niliukataa usiandikwe. Sare zina msimu wake Januari, mabuibui na madera yana Ramadhani, miezi mingine cherehani imefunikwa na shuka, sasa ukiuandika utauhesabia na usipokuja utakopa. Mi naona hapa ndo wastaafu wengi wanapopotea, wanaandika pesa ya kutarajia, mpangaji atakaelipa, mtoto aliyeahidi, ploti itakayouzwa, halafu wanakula kama imeshaingia. Andika ile ambayo hata ukilala kitandani mwezi mzima itaingia. Inayobaki iite ziada, ikija ifanye kazi ya ziada, kurekebisha choo, kununua godoro, kuongeza akiba.

Upande wa kinachotoka ndo tulikaa sana, na kilichokuwa kimekula pesa hakikuwa chakula. Ni vitu vidogo visivyo na jina. Tuktuk ya kwenda mahali pa kutembea kwa miguu. Bando la simu la kila siku. Soda za wageni. Na ile mikopo ya simu, unakopa 500 kuziba pengo, ada yake inakatwa, ukiweka pesa inajilipa yenyewe, unabaki na pengo lile lile unakopa tena. Mstaafu ambaye kipato chake ni kimoja kwa mwezi hafai kabisa kuwa kwenye mikopo hiyo, hiyo imewafaa wachuuzi wanaouza na kupata leo. Jambo jingine, ukitoa pesa kwa wakala wa M-Pesa, ada ya kutoa 200 na ya kutoa 2,000 ni ile ile kwa viwango vya sasa. Kuna wazee wanatoa mia mbili mbili kila siku wakidhani wanabana, hawajui kwamba wanakatwa kila siku.

Kwenye chakula nina mengi manake hapo ni kwangu. Anayeishi Mombasa akanunua samaki bila kuangalia upepo anatupa pesa. Wakati wa kaskazi, kuanzia kama Disemba mpaka Machi, bahari imetulia, vyombo vinatoka, samaki ni wengi na bei inashuka. Kusi ikiingia, kuanzia Aprili huko mpaka Septemba, mawimbi yanakuwa makubwa, wavuvi wadogo hawatoki, changu aliyekuwa anashikika anakuwa wa matajiri. Sasa bibi zetu walikuwa wakifanya nini? Kaskazi wananunua kwa wingi, wanapasua, wanatia chumvi, wanaanika, na kusi wanakula ng'onda na papa mkavu kwa nazi na sima wala hawajioni maskini. Sisi tumeacha, kila siku tunataka samaki wa barafu. Mimi nimerudia kuanika na mzee mwenyewe anasema ladha hiyo alikuwa ameisahau tangu utotoni.

Nafaka na viazi nanunua soko la Kongowea, naenda asubuhi mapema wakati malori yanashusha, na siendi peke yangu. Tuko kina mama wa mtaa mmoja, tunachanga tunanunua gunia la viazi, neti ya vitunguu, tunagawana pale pale kwa ndoo, nauli tunachangia tuktuk moja ya mizigo. Mtaani kibandani unanunua kitunguu kimoja kimoja na kila kimoja kina faida ya mtu juu yake. Simlaumu mwenye kibanda, naye ana watoto, lakini mstaafu hana pesa ya kulipa faida hiyo kila siku.

Maharagwe na mbaazi nimepata njia ambayo imenipunguzia makaa sana. Nayaroweka usiku, asubuhi nayainjika kwenye seredani, yakishachemka vizuri kama nusu saa hivi naepua sufuria na kifuniko chake, naitia kwenye kikapu kikubwa nilichokijaza vitambaa vya ushonaji, juu nafunika na mto, naondoka zangu. Nikirudi adhuhuri yameiva yenyewe na bado ya moto, nabakisha kutia tui na kitunguu tu. Vitambaa ni vile vipande nilivyokuwa nikitupa. Gesi naiweka kwa chai na kwa dharura, mtungi unakaa.

Stima pia mtu ajue anavyolipishwa. Tangu Aprili 2023 anayetumia mpaka uniti 30 kwa mwezi ndo yuko kwenye bei ya chini kabisa, akivuka hapo mpaka 100 bei inapanda, akivuka 100 inapanda tena. Zamani ile bei ya chini ilikuwa inafika mpaka uniti 100, ndo maana watu wanasema tokeni siku hizi zinaisha haraka na matumizi hawajaongeza. Nyumba ya wazee wawili bila hita ya maji inaweza kubaki chini ya 30 wakijibana, ila ukiwa na friji ni vigumu, kwa hivo kila nyumba ipime yenyewe kama friji ya watu wawili inalipa. Sisi tumeiacha iwake Ramadhani na wajukuu wakija, miezi mingine imezimwa. Maji sitaki kuyazungumzia sana, kila mtu Mombasa anajua taabu ya maji, mfereji unakauka wiki nzima unanunua mitungi ya lita 20 kwa mkokoteni. Mlizamu kwenye bati na tangi, masika ya Aprili mpaka Juni yakinyesha unakinga ya kufulia na kuoshea bure. Pesa ya tangi inarudi.

Lakini jamani kubana si kujinyima mpaka mtu augue. Nawajua wazee wanaoruka dawa ya presha siku moja moja ili ifike mwisho wa mwezi. Hapana. Dawa inaandikwa mstari wa kwanza wa daftari, kabla ya unga. Na SHA, bima ya afya ya serikali ambayo ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, kwa asiyeajiriwa wanapima kipato cha nyumba wanachukua asilimia 2.75, haipungui 300 kwa mwezi, na inalipwa ya mwaka mzima kwa mara moja. Ukiwa kwenye ile ya chini ni 3,600. Usipoweka 300 yako kila mwezi kwenye mkebe, mwezi wa kulipa ukifika hizo elfu tatu na mia sita hazipatikani, na ugonjwa hausubiri.

Baada ya mimi na mzee kuelewana tukawaita watoto. Hili ni gumu kuliko yote na ndo wazee wengi wanalikimbia. Kwa mila zetu baba hasemi mbele ya wanawe kwamba hana. Mzee wangu alisema. Aliwaambia wanangu, mshahara umekwisha, hii ndo pensheni, hii ndo dawa, hii ndo chakula, kinachobaki ni hiki, ada ya wajukuu siwezi tena, ila mjukuu akija nyumbani kwa babu atakula. Wakanyamaza kimya. Halafu yule mkubwa wetu, ambaye yuko Nairobi, akasema baba mbona hukutuambia zamani, sisi tulidhani unazo ndo maana tunaomba. Wallahi nililia. Miaka yote hiyo watoto wanaomba kwa sababu baba anaonekana anazo, na baba anatoa kwa sababu anaona haya kusema hana, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na nia mbaya. Tangu siku ile simu za kuomba zimepungua na kuna mwezi unaletwa mfuko wa mchele bila kuombwa.

Michango ni hivyo hivyo. Tumeweka kiasi cha mwezi cha harusi na matanga, kikiisha kimeisha, tunaenda kwa miguu yetu, tunapika, tunakesha na wafiwa. Kuna jamaa walinung'unika mwanzo. Wamezoea.

Sasa kuhusu hizi biashara za kiinua mgongo. Jirani mmoja, Mungu amjaalie, alitoka kazini akanunua tuktuk mbili siku moja kwa pesa taslimu, akawapa vijana wamletee hesabu jioni. Mtu mwenyewe alikuwa karani maisha yake yote, injini hajawahi kuifungua, bima hajui, faini hajui, spea za bandia na za kweli hazitofautishi. Mwezi wa kwanza hesabu ilikuja kamili. Baadaye ikawa leo gari limelala, leo polisi, leo mvua. Moja aliiuza kwa bei ya kutupa na nyingine imekaa nje ya nyumba yake kuku wanalalia. Mkewe aliziona zikiletwa tu, hakuulizwa, na yule mama amefanya biashara ya mahamri na viazi karai tangu ujana wake, anajua mteja, anajua hasara, anajua kijana mwongo akimtazama usoni. Angeulizwa angesema. Ndo nasema siri inagharimu, mzee ana mshauri ndani ya nyumba yake anaenda kutafuta mshauri kwenye maskani.

Biashara ambayo hukuifanya ukiwa kazini usiianze na pesa yote ya uzeeni, anza nayo mwaka mmoja ama miwili kabla ya kutoka, uone kama unaiweza wakati mshahara bado unakukinga. Anayetaka pesa ikae salama na imlipe kidogo kidogo, bondi za serikali zinaanzia elfu 50, unafungua akaunti Benki Kuu bila dalali, riba inakuja mara mbili kwa mwaka. Haitajirishi, lakini hailali nje ya nyumba kuku wakailalia. Na mtu yeyote anayekuahidi pesa kuzaa maradufu kwa miezi michache mkimbie, watu wa umri wetu tunaikumbuka ile mipango ya piramidi ya 2006 na 2007, watu waliuza ng'ombe na mashamba wakaweka, zikapotea na wenyewe wakapotea. Sahii imerudi kwa WhatsApp kwa majina mapya. Tena wanawalenga wastaafu, wanajua pesa iko hapo.

Na nije kwa lile lililonifanya nichukue kalamu. Kuna shoga yangu, sitamtaja, mumewe alifariki miaka michache baada ya kustaafu. Mtu mwema, msikitini safu ya mbele. Alipozikwa na matanga yakaisha, yule mama hakujua mumewe ana akaunti benki gani. Hakujua kama loni ya SACCO imekwisha. Alijua kuna hisa fulani lakini si za kampuni gani. Wakaja watu wawili kudai, mmoja na karatasi, mmoja na maneno matupu, na mama hana daftari la kumjibia hata mmoja wao. Kwenda Mahakama ya Kadhi kwa mirathi kunahitaji ujue mali ni ipi, na yeye hajui. Kwenye mfuko wa pensheni jina la mrithi lilikuwa bado ni la mama mzazi wa marehemu, aliyekufa zamani, kwa sababu fomu ilijazwa siku marehemu alipoajiriwa akiwa kijana na haikuguswa tena. Mpaka leo yuko njiani, ofisi hii inampeleka ofisi ile.

Si yeye peke yake, na ndo maana nchi hii ina mamlaka nzima ya kushikilia pesa zisizo na wenyewe, UFAA, iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Akaunti zilizolala, hisa, bima, pesa za watu waliokufa bila kuwaambia wake zao na watoto wao ziko wapi. Kila shilingi iliyoko pale kuna nyumba mahali ilikosa unga ikiwa nayo. Wajane, nendeni mkaulizie kwa jina la marehemu na nambari yake ya kitambulisho, msione haya.

Kwa hivo ninayo maombi. Waajiri, hizo semina mnazowafanyia wafanyakazi wakikaribia kustaafu, kwenye mahoteli ya Nyali na Bamburi, waiteni na wake zao, na kwa mwanamke anayestaafu mwiteni mumewe. Mnamfundisha mtu mmoja bajeti ya nyumba ambayo hajawahi kuiendesha, halafu anayeiendesha mmemwacha nyumbani. Maimamu na wachungaji, mnazungumza vizuri sana kuhusu ndoa za vijana, tuzungumzieni na ndoa ya wazee, kwamba kumficha mke hesabu na mnakula chungu kimoja si uanaume. Kina mama wenzangu, tusiulize kwa ukali. Ukimuuliza mzee aliyetoka kazini jana pesa ziko wapi atajifunga, muulize tupike nini na tuanze wapi, atafungua. Na akifungua ukaona ni kidogo kuliko ulivyodhani usimcheke wala usimtangaze mtaani, manake ukimtangaza mara moja daftari hilo hutaliona tena.

Nawe Mhariri nakuomba, kama inawezekana, kila wiki mtuwekee ukurasani bei za Kongowea na Marikiti, viazi, vitunguu, mchele, samaki, ili mtu ajue anapokwenda sokoni anakwenda na ngapi.

Na nyinyi mnaotoka kazini mwaka huu, fomu ya mrithi iko ofisini kwenu. Iulizieni sasa kabla hamjarudisha kitambulisho cha kazi, isomeni jina lililoandikwa, na kama si sahihi ibadilisheni siku hiyo hiyo, mrudi nyumbani na nakala.

Mke wa mstaafu,
Mikindani, Mombasa